Nyuzi Hazikurudi

Nyarugusu, Jumapili, 1996

Lililoharibu leo ni gitaa langu, si mtu mwingine. Mzee wa dukani Kahama alinionya kabla sijalichagua: "Bonyeza huo mkono wa kutetemesha sauti, achia, halafu sikiliza kama nyuzi zimerudi kwenye sauti yake." Nikabonyeza, likalia vizuri mno, nikalichukua. Kusikiliza, wapi!

Leo dansini wachimbaji walipoanza kushangilia solo yangu, nikaubonyeza ule mkono kwa mbwembwe. Nyuzi hazikurudi. Kila nilichopiga kikawa kibovu, watu wakaacha kucheza.

Nami nikamgeukia Masanja, mpiga besi wetu, nikamkunjia uso mbele ya ukumbi mzima. Akainama, akaanza kukaza nyuzi zake zisizo na kosa.

Tulipokuwa tunafunga vyombo akanifuata. "Kaka, nisamehe. Nimekuharibia."

Nikamwambia asirudie.