Shahidi Wangu wa Matrah

Mjukuu wangu Thuwaiba,

Sisi wazima, alhamdulillah. Ami yako kahamia Mabela, nyumba kubwa, wa kumgongea mlango hana. Wewe huko London umekonda, picha nimeiona. Kula.

Unaniuliza naionaje hiyo sharia wanayotaka kuipitisha huko, kwamba mkimbizi asiye na shahidi wa kumtambua asipewe hifadhi. Mimi sikusoma, lakini shahidi nnamjua.

Nilipokuja huku Omani kutoka Unguja, ningali kijana, baba yako mgongoni, ilibidi mzee wa kabila letu anitambue, la sivyo nirudishwe. Mzee mwenyewe kipofu, kakaa barazani Matrah. Alitangulia Zuwena, niliyesafiri naye. Akataja babu zake wote, hakukosea.

"Sikujui, binti. Ondoka."

Nikasogea mimi. Sijafungua mdomo, mzee akageuza uso pembeni yangu, pasipo mtu, akacheka.

"Wewe pita. Bibi yako kaja asubuhi, kaniambia utakuja na mtoto ana homa."

Baba yako alikuwa anachemka kweli. Na bibi yangu tulimzika Unguja kabla sijaolewa.

Nikapita. Zuwena akanishika mkono. "Mwambie bibi yako anijue na mimi." Hakuwa akitania. Wakamrudisha.

Nimezeeka nchi hii kwa neno la maiti. Zuwena alisema lake kwa mdomo wake, la kweli, na hakuaminiwa. Sasa niambie wewe uliyesoma, hiyo sharia yenu itamwamini nani?

Ni mimi bibi yako.