Kwa Baba, Aliyeshika Nafasi ya Pili Mara Saba

Mwaka umetimia, Baba, tangu moyo wako usimame kwenye korido ya wodi ya wanaume, ukisukuma kitanda cha mgonjwa. Wenzako walituambia ulikifunga breki kwanza, ndipo ukaanguka.

Miaka ishirini na miwili ulibeba wagonjwa hospitalini, na wengi walikuomba wewe kwa sababu hukuwatikisa. Kabla ya kazi ulinyanyua vyuma. Ukirudi ulikula mayai bila chumvi, kisha ukasimama mlangoni umetugeuzia mgongo na kuutanua.

"Mgongo ukoje?" ulituuliza.

"Kama mlango wa gereji!" tulikujibu. Ulicheka kicheko chembamba, kisichofanana na kifua kile.

Mara saba uliwania ubingwa wa taifa wa kutunisha misuli. Mara saba ukawa wa pili, nyuma ya mtu yule yule, ambaye mashabiki walimwita Tingatinga. Mtaani wakakubandika jina: Wa Pili. Mama akichokozwa alisema, "Kwangu ni wa kwanza, na sitafuti mwingine."

Mtengeneza filamu alipokuja kurekodi maisha yako, alikukalisha sebuleni akakuuliza mara tatu kama waamuzi walikuonea.

"Alinishinda," ulisema. "Weka hivyo hivyo."

Tulikuona mnyonge. Mwanao aliinuka akatoka nje.

Filamu ilionyeshwa miezi mitano baada ya kukuzika. Tingatinga alikuja, akakaa viti vya nyuma. Taa zilipowashwa alimfuata Mama.

"Shemeji, ule mwaka wa tano alinishinda yeye. Mwamuzi mkuu alikuwa mjomba wangu. Nilijua, nikanyamaza."

"Naye alijua," Mama akamjibu. "Alisema ukinyang'anywa kikombe kile hutabaki na kitu. Yeye ana kazi, na ana sisi."

Jitu lile lilikaa chini, mabega yakitikisika. Sisi watoto hatukumbembeleza. Mama ndiye aliyemshika mkono.

Baba, uungwana wako ulituuma. Nyumbani bado hatujakubaliana kama ulifanya vyema. Ila hatujasikia mtu akikutaja kwa ubaya, wala hatutarajii.

Wanaokukumbuka siku zote ni mkeo. Binti zako wawili. Mwanao, ambaye ameitazama filamu tena akiwa peke yake. Dada yako mshonaji. Wenzako wa wodini. Na Tingatinga, aliyeomba awekwe katika tangazo hili la kumbukumbu. Tulibishana wiki nzima. Tumemweka.