Nia Uliyoitoa Jumuiyani

Baba Aidan,

Maharage yako jikoni, ongeza maji. Chumvi bado. Hilda anywe dawa akishakula.

Nimekwenda mjini kwenye duka la intaneti kuthibitisha nafasi yangu ya shahada ya uzamili. Mwisho ni leo. ~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini tule pamoja.

Asubuhi kwenye sala ya jumuiya ulisimama mbele ya majirani ukatoa nia, ukasema, "Tumwombee mama mmoja aachane na masomo ya kwenye simu." Nami kwa mazoea nikaitikia na wenzangu, "Twakuomba utusikie," kabla sijatambua kwamba mama huyo ni mimi! Mama Saimon alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge. Mimi sikucheka.

Ukauliza pale pale, chuo gani hakina hata geti? Vyuo vilivyonikubali vilikuwa viwili. Chenye geti kiko Dar es Salaam. Kwenye hiki cha mtandaoni nitasomea mifumo ya taarifa za afya jioni, hapa hapa mezani, wewe ukikoroma. Nilisali novena nzima, siku tisa, ndipo nikakichagua, kwa sababu sikutaka kukuacha.

Ungeniuliza nyumbani ningekueleza.

Jumamosi ijayo jumuiya inasali kwetu. Nia ya kwanza nitaitoa mimi, nawe utaitikia.

Mkeo,
Mama Aidan