Turbo ya Pili Nayo Imetoa Moshi

Wewe uliyeshika karatasi hizi na ambaye si ndugu yangu, nakuomba kwa heshima yote: usizisome kwa sauti, usimsimulie mkeo, wala yule anayeketi kando yako kanisani. Sijaandika jina langu wala la mtu ninayemfanyia kazi, lakini Eastlands hii ya Nairobi ni ndogo, na anayetaka kujua atajua. Nakala moja nimeiacha kwa fundi wa Dandora, moja kwa muuza vipuri wa Pumwani, moja kwa jamaa anayechomelea vyuma Lucky Summer. Nimewachagua hao kwa sababu hawamjui mtu huyo, na kwa sababu kaka yangu hawezi kuishi mbali na magari. Popote alipo, siku moja atapita kuazima spana au kuulizia mpira wa turbo. Mpeni. Wengine wote, tafadhali, neno lisiwatoke.

Mpendwa kaka,

Mama bado anakuita Papa, kwa sababu umebeba jina la baba yake. Kila jioni anapopakua ugali anafunika sahani yako, halafu asubuhi ananipa mimi kile kiporo na chai. Nakula chakula chako, kaka, na kila tonge linanikumbusha kwamba kuna mtu anayekula chake kikiwa moto.

Unakumbuka Jumapili zetu? Ibada ikiisha ulikuwa unavaa ovaroli juu ya shati la kanisani, mama anapiga kelele, nasi hao tunakwenda yadi ya kuuzia magari ulikokuwa fundi, kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mtu. Uliniita Karani tangu nikiwa shule ya msingi, nikimwandikia mama barua za kwenda nyumbani Bungoma, na hata nilipopata ukarani wa kweli, katika ofisi ya yadi hiyohiyo, kazi uliyonitafutia wewe, hukuliacha jina hilo. "Karani, weka kalamu chini, njoo usikie." Tulisimama mbele ya gari lililotoka Japani juzi tu, boneti wazi, ukaliwasha, tukasikiliza turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kwa kile kitu chetu, ambacho sitakitaja hapa. Sababu utaiona mwishoni.

Ulinifundisha kwamba moshi mweusi ni petroli iliyozidi hewa, mweupe ni maji yaliyoingia pasipo mahali pake, na wa buluu ni oili inayoungua. Ulinifundisha kukagua mipira ya kupitisha hewa na vibano vyake kwanza, kwa sababu mpira ukipasuka pumzi yote ya turbo inatokea nje, gari linakosa nguvu, na fundi mvivu anailaumu turbo isiyo na kosa. "Usiihukumu kabla hujaiangalia," ulisema. "Hiyo tuwaachie polisi." Tulicheka sana siku hiyo.

Ndani ya magari hayo tulikuta vitu vya watu tusiowajua. Sarafu zenye tundu katikati, kanda za nyimbo, na mara moja, chini ya kiti, gazeti zima la kamera za dijitali. Hatukujua kusoma hata herufi moja ya Kijapani. Tulitazama picha tu, tukabishana kama watu wenye hela. Mimi nilitaka yenye lenzi ndefu, ukanikataza. "Chukua yenye kioo nyuma," ulisema, "mtu aone papo hapo alichofanya."

Mwenye yadi tulimwita Mkurugenzi, nami nitamwita hivyo. Utakuwa hujasahau alivyolipenda gari lake la rangi ya maziwa. Filimbi ya turbo ilisikika toka barabarani kabla yeye hajaonekana. Alifika kwa kishindo, akazima hapo hapo, akatoka akizungusha funguo kidoleni. Nawe kila mara ulimwendea kwa adabu, mikono ukiipangusa kwa kitambaa.

"Mkurugenzi, iache ingurume kidogo kabla ya kuzima. Turbo ikiwa moto hivyo, oili inakwama ndani inaungua. Iache ipumue. La sivyo itakufa."

"Fundi, gari si punda," alikujibu. "Halina mapafu."

Yadi nzima ilicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyewalisha.

Ikafa, kama ulivyosema. Asubuhi ile moshi wa buluu ulipomtia aibu mbele ya wateja, alinituma mjini na karatasi za forodha ambazo zingeweza kungoja wiki nzima. Sasa najua alitaka nisiwepo. Niliporudi nilikuta kiatu chako kimoja karibu na lango, na watu wakisimulia kwa furaha jinsi alivyosimama juu ya ngazi za ofisi akatangaza kwamba uliing'oa turbo yake nzima, ukaiuza, ukamwekea mkebe mbovu. Mtu akapaza sauti, mwizi! Mafundi uliokula nao githeri katika sufuria moja wakaokota vyuma. Uliruka ukuta. Sijui zaidi ya hapo, ila damu niliiona juu ya vile vipande vya chupa walivyopanda ukutani kuzuia wezi.

Kiatu nilikiweka ndani ya shati. Mama hajakiona mpaka leo.

Kesho yake Mkurugenzi aliniita. "Wewe umesoma. Wewe si kama ndugu yako. Ama nimekosea?"

"Hujakosea, Mkurugenzi."

Niliinamisha kichwa, naye akafurahi. Hakujua kwamba mtu anaweza kutazama sakafu na bado akawa anapanga.

Alinunua turbo mpya. Fundi wa kutoka mjini akaifunga, kisha Mkurugenzi akaitia boneti kufuli, ufunguo akauvaa kwenye mnyororo shingoni, chini ya tai. "Sasa tuone nani ataigusa," aliwaambia mafundi. Jioni hiyo alirudi mbio kama zamani, akazima gari likiwa na joto la kukaanga yai. Nilikuwa dirishani. Nilifungua kinywa nimwambie yale uliyokuwa ukimwambia, kwa mazoea tu, kisha nikakifunga. Huo ndio mwanzo wa kisasi changu, kaka, na haukuhitaji ushujaa wowote. Nilinyamaza.

Kila asubuhi nilimsalimia, "Habari ya asubuhi, Mkurugenzi," na kila asubuhi nilisikiliza. Filimbi ilikuwa nyembamba na safi mwanzoni. Ikaja ikakwaruza. Ikaja ikalia kama king'ora cha mbali. Kisha siku moja gari lilisimama langoni kwa muda likinguruma polepole, likimngoja mlinzi, na alipokanyaga nikaona uzi mwembamba wa buluu kwenye bomba la moshi. Wewe hupo. Boneti ina kufuli. Ufunguo uko shingoni mwake. Na turbo inakufa vilevile! Nilichohitaji sasa ni wale wote waliookota vyuma wauone moshi huo, na pawe na kitu cha kuwakumbusha wakijifanya hawakuuona.

Kitu hicho alikinunua mwenyewe. Wateja wa mbali walianza kutaka kuyaona magari kwenye kompyuta, akanituma Biashara Street nichague kamera ya dijitali, "maana wewe ndiye mtu wa mapicha." Ni kweli. Bado ninapiga picha za watu mtaani Jumamosi kwa ile kamera yetu ya filamu. Mwenye duka aliniwekea tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo na nzuri, lakini haikuwa na kioo. Ungepiga kama kipofu. Ya pili ilikuwa na lenzi ndefu, ileile niliyoiota, ila ilimaliza betri kabla sijatoka nayo mlangoni, na waya wake hauna pa kuchomekwa katika kompyuta yetu. Ya tatu ilikuwa nzito kama tofali. Ilihifadhi picha kwenye disketi, hizi hizi za kuhifadhia barua za ofisi, na nyuma ilikuwa na kioo.

"Mzito hii, lakini rahisi," alisema mwenye duka kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Toa disketi, tia kompyuta, kwisha."

Nililenga basi lililokuwa likipita, nikabonyeza. Kwenye kioo ukatokea mkia wa basi tu.

"Mbona inachelewa?"

"Zote hivyo, ndugu yangu. Inafikiri kwanza."

Nilisimama pale kaunta nikakusikia wewe. Unakanyaga na turbo haikupi kitu, ulinieleza. Inajaza pumzi kwanza, ndipo inakurusha. Asiyeijua hukanyaga zaidi. Anayeijua hukanyaga mapema. Nikaichukua ile ya tatu, na Jumamosi nyingi nikajizoeza kubonyeza kabla ya jambo: kabla mtoto hajaruka kamba, kabla ndoo haijamwagwa.

Mwezi uliopita tulifungua upande mpya wa yadi. Alikuja mchungaji, ikaja kwaya, na mafundi wote wakaitwa, wale wale. Mkurugenzi alitaka picha akikata utepe kwa bampa ya gari lake, kwaya ikimfuata nyuma. Nilimwendea dirishani.

"Tafadhali usizime, Mkurugenzi. Mwanga haujakaa vizuri. Na mchungaji aombe kwanza."

"Haya, fanya haraka."

Mchungaji hakufanya haraka. Aliliombea lango, akaziombea kuta, akawaombea wateja ambao hawajazaliwa. Muda wote huo gari likinguruma polepole na oili ikichuruzika mahali ninapopajua. Kila mtu alikuwa amefumba macho. Mimi nilisimama mbele kwa upande, nikilenga, nikisikiliza.

"Amina," watu wakasema.

"Sasa kanyaga kidogo, Mkurugenzi," nilimwambia. "Watu wasikie filimbi."

Alitabasamu. Sikuungoja moshi. Nilibonyeza alipotabasamu, kwa kuwa kamera inafikiri kwanza, na turbo inafikiri kwanza, na pale langoni ni mimi tu niliyezijua zote mbili.

Kaka, laiti ungeona! Sauti ya kwanza ya kwaya ilitoweka ndani ya moshi, kisha ya pili, kisha wale wa besi wote.

"Woi! Nani amewasha jalala la Dandora?" mtu akapiga kelele.

"Mzee, hiyo ni gari ama jiko ya samaki?"

"Kwaya imeenda mbinguni tukiona!"

Mkurugenzi alitoka akikohoa. "Kuna mtu ameharibu gari yangu! Mtu ameiharibu tena!"

Ndipo akajitokeza yule fundi wa rangi ambaye yadi nzima inamwita Babu. Unamjua, siku ile alikuwa na chuma mkononi kama wenzake. "Mtu gani?" akauliza. "Hebu fungua boneti tuone."

Mkono wa Mkurugenzi ukaenda shingoni, ukaushika ufunguo, ukabaki hapo.

"Si ufunguo uko nao wewe?" Babu akasema polepole. "Tangu ile siku. Sasa huyo kijana wetu ameingilia wapi, kwa bomba?"

Hakuna aliyecheka. Babu akavua kofia. "Wacha tu. Tulitaka kuua mtoto wa watu bure."

Mimi nilikuwa nimeinama nikijifanya nakohoa, nikiomba taa nyekundu ya kamera izime, maana inachukua muda kuandika picha kwenye disketi. Ilizima. Niliichomoa disketi, nikaitia ndani ya soksi, nikaweka nyingine tupu. Nilipoinuka yeye alikuwa juu yangu.

"Umepiga hiyo? Futa! Futa sasa hivi!"

Nilimwonyesha kioo kisicho na kitu. "Haikushika, Mkurugenzi. Hizi mashine zinachelewa."

"Takataka," alisema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Afadhali."

Picha ninayo. Inaonyesha moshi umepanda kuliko ukuta uliouruka. Inaonyesha kufuli kwenye boneti, na Babu na wenzake wamefungua vinywa. Na katikati ya yote, Mkurugenzi bado anatabasamu, kwa sababu habari haijamfikia.

Usidhani nimeridhika. Kituoni kwa polisi jina lako bado limeandikwa kwa wizi, na yeye hajaenda kulifuta. Sitaki afe, wala sitaki wamwokotee vyuma. Nataka asimame juu ya ngazi zilezile, mbele ya watu walewale, aseme kwa mdomo uleule kwamba alikusingizia, nawe ukiwa chini yake unamtazama. Babu amekubali kwenda nawe kituoni kueleza alichokiona, ingawa habari ya picha sijamwambia. Mengine nitayangoja. Ameagiza turbo ya tatu. Juzi aliniuliza, sauti imelegea kama ya mgonjwa, "Wewe umelelewa na fundi. Hiki kitu kinanifia kwa nini?"

"Sijui, Mkurugenzi," nilimjibu. "Mimi ni karani tu."

Silali vizuri, kaka. Kila hodi inanishtua. Lakini hofu hii nimeizoea, na kukukosa wewe bado sijazoea.

Kwa hiyo ukizipata karatasi hizi, usije yadi. Usipige simu ofisini, anaipokea yeye. Usiende nyumbani moja kwa moja. Mama atapiga vigelegele na wapangaji wa ploti nzima watajua. Ngoja Jumapili baada ya ibada, uende kwa yule mama wa chai aliyekuwa akitupa mandazi ya kuvunjika. Usinitaje. Mwambie tu ni kitu gani tulikuwa tukisikilizia turbo. Jibu nimemwachia yeye, na zaidi yake tunalijua mimi na wewe peke yetu. Ukilisema sawasawa atakupitisha nyuma ya pazia. Nitakuwa hapo na disketi, na kiatu chako, nimekipaka rangi. Ukija kwa gari la mtu, simama mbali kidogo, na usilizime haraka. Liache lipumue. Nitakuwa nasikiliza.

Mdogo wako,
Karani