Farasi wa Babu Ödön

Makó, Alhamisi asubuhi

Dada yangu mpenzi Piroska,

Pokea salamu zangu, na za mume wangu Zsombor. Mume wangu! Wiki ya sita hii, na bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mwehu. Mgongo wako unaendeleaje? Mama ameacha kubeba magunia ya vitunguu? Sisi ni wazima.

Zsombor anazidi kuwa mtamu. Juzi alinikaangia mikate ya lángos akaiunguza yote, tukaila hivyo hivyo tukicheka. Kwa hiyo aliponiomba nimsaidie kazi, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Klabu ya sataranji ilikuwa inatimiza miaka themanini, naye alitengeneza programu ya kusoma michezo ya zamani na kuionyesha ukutani. Wachezaji wenyewe waliandika kila hatua kwa mkono, kwa mkato: kete gani, imekwenda mraba gani. Mimi nilitakiwa kuzichapa kwenye kompyuta. Mimi, nisiyejua sataranji! Mchezo uliongojewa kuliko yote ni ule ambamo babu yake, Ödön, alimshinda bingwa wa Szeged mwaka 1971.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Katikati ya mchezo huo Babu akasimama, akasema hapana, kati ya kete zake mbili za farasi, hakumsogeza huyo wa ukutani, alimsogeza yule mwingine. Mwanawe, Gellért, akamwambia akae chini: Baba, leo umesahau farasi wako, kesho utasahau suruali! Watu wakaangua kicheko. Babu akautazama ukuta, kisha akaketi na kusema polepole kwamba labda ni kweli.

Sasa Gellért anasema mtu wa miaka themanini na sita asiyekumbuka mchezo wa maisha yake hawezi kuachwa peke yake na jiko la gesi. Jumatatu anapelekwa nyumba ya wazee. Hakubisha. Jana nilimkuta akifunga vikombe kwa magazeti. Alinipangia vijiko mezani kama kete, akanieleza kwamba farasi wa kushoto alikuwa amemkinga mfalme. Angeondoka, mfalme angebaki wazi, na sheria hairuhusu. Ndiyo maana hakuandika ni farasi yupi, kwa kuwa aliyeweza kwenda ni mmoja tu. Kisha akaniomba radhi, akasema pengine aliota.

Dada, hakuota. Nilipofika hatua hiyo programu ilisimama, ikauliza ni farasi yupi kati ya wawili. Zsombor hakuwa ameifundisha kutambua kete isiyoweza kuondoka. Nikachagua mmoja, basi tu. Mbele kidogo hatua zikaanza kukataliwa. Sikutaka mpenzi wangu aone kwamba ameoa mjinga, kwa hiyo nikabadilisha hatua tatu mpaka ikakubali. Ukumbini, Babu aliposimama, nilijua kosa ni langu. Nikanyamaza. Wakati wa kutoka alinishika mkono akanishukuru, kwa kuwa ni mimi pekee ambaye sikucheka.

Nimewaambia Zsombor na Gellért wanikute kwa Babu saa nne. Karatasi yake ya zamani, aliyoandikia hatua za mchezo ule, ninayo mkobani. Sijui Zsombor atanitazamaje baada ya leo. Lakini ninachoogopa zaidi ni kwamba Babu atafungua mlango na kunishukuru tena.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na uniombee.

Mdogo wako akupendaye,
Boglárka