Simu "Mpya" ya Mwiinga

Choolwe, acha yote usome. Natumia simu ya wifi Luyando, niko kwa kina Mwiinga.

Ile simu aliyonipa siku ya uchumba imezimika tena, mbele ya mama yake! Mwiinga akacheka: "Simu mpya, keshaiua! Anailaza kwenye chaja, anaianika juani."

Keshaiua! Mimi!

Luyando akaichomeka, akatazama hali ya betri. "Kaka, betri huchakaa kidogo kidogo kila ikichajiwa, na joto huizidishia. Lakini hii imechoka kwa miaka. Wifi kaimaliza kwa mwezi mmoja?"

Mwiinga akanyoosha mkono aichukue. Aichukue, shoga!

Luyando akaigeuza. "Mkwaruzo huu naujua. Si ya Chipego hii?"

Chipego, yule mchumba wake wa zamani! Luyando bado ana namba yake; nikampigia palepale, nikaweka spika, wote wasikie.

"Simu yangu? Mwiinga aliniambia imeibiwa kwa fundi!"

Mama mkwe akarudisha tonge la nshima sahanini. Mwiinga ananikonyeza, eti nikate. Nikate?

Nimemwelekeza Chipego nyumba. Anakuja na kaka zake. Mwiinga anatafuta viatu vyake. Nimevikalia.