Kwa Dina, Aliyefuga Seli

Mwaka umezunguka sasa, Dina, tangu simu ile itufikie Ilongero kwamba homa imekuchukua. Watu wanatuuliza kama tumeshazoea. Tunaitikia ndiyo, basi yaishe. Ukweli ni kwamba hatusikii kitu. Alizeti zilivunwa, zikakamuliwa, na hakuna aliyekumbuka kufurahi.

Ulikuwa mtu wa utani. Ukija likizo ulimchoma Mama sindano yake ya kisukari huku unamcheka, "Mama, kongosho lako limegoma tena?" Ndiyo ilikuwa kazi yako kule maabara Dodoma, kulea seli za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Unazipa sukari kidogo, ulitueleza, unaangalia kama zinaitika. Zikinyamaza, unatafuta sababu. Mama alielewa nusu tu, lakini kila mgeni alisimuliwa.

Shida ni kwamba seli zako hazikujua sikukuu. Zisipobadilishiwa chakula, zinakufa. Krismasi hukuja. Kwenye harusi ya mdogo wako Manase ulikuja asubuhi, ukaondoka keki haijakatwa. Shangazi Stumai akawaka: "Hee! Vidudu visivyoonekana ndivyo vinamzuia mtu kucheza harusi ya ndugu yake?" Mama akanuna wiki nzima.

Baba peke yake ndiye aliyekutetea. "Mwacheni. Huyo ana mifugo. Mimi mbona nilikosa kipaimara cha Manase kwa ajili ya ng'ombe aliyekuwa anazaa?" Tangu hapo, ukipiga simu na kumwamkia, jibu lilikuwa lile lile: "Marahaba. Mifugo haijambo?" Ulicheka sana, na ulijibu kila mara.

Siku ya mazishi Baba hakulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, watu wanampa mkono. Alipofika Jenipher, mwenzako wa maabara, Baba akamshika mkono asiuachie. "Mifugo ya mwanangu, kaachiwa nani?" Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa. Jenipher akajibu, "Mimi, Baba. Nitailisha."

Kwa ibada ya leo tulimwalika. Jana akapiga simu, anajiumauma: hawezi kuja, ni siku ya kuzilisha zile seli na hana wa kumwachia. Tukamtazama Mama. Mama akaichukua simu, sauti ikiwa ya juu sote tunasikia.

"Usije, mwanangu. Kaa nazo. Hebu niambie, bado zinaitika?"

"Zinaitika, Mama."

Hapo ndipo Baba alipolia, Dina. Alilia kwa sauti, mbele ya wageni waliotangulia kufika, na hatukumnyamazisha.

Unakumbukwa na baba yako Simeoni Alute, mama yako Cecilia, mdogo wako Manase na mkewe Pendo, Shangazi Stumai, ambaye siku hizi akisikia neno vidudu anatoka nje, na Jenipher, ambaye sasa ni mtoto wa nyumba hii.

Tutakukumbuka siku zote. Mifugo haijambo.